Salamu ya Mama wa Lufumbi

Mimi ni mwoga. Nalisema hilo mapema, maana siku hizi huku mlimani kuna watu wananiangalia kana kwamba nina roho ya chuma. Chuma cha wapi! Kuku akiruka ghafla nyuma ya nyumba, mimi nashika kifua. Siku Sheria ya Utulivu wa Anga ilipoanza kutumika na kituo chetu kidogo cha redio kikafungwa, wenzangu walikwenda Tukuyu kupiga kelele mbele ya ofisi. Mimi nilikwenda nyumbani, nikafunga mlango kwa komeo na kujifunika blanketi mchana kweupe.

Ila mtambo sikuusalimisha. Ulikuwa mtambo wa akiba, mdogo, unaoingia kwenye kasha la viatu, na nilitakiwa kuupeleka kwa Kikosi cha Utulivu ukapondwe kwa nyundo pamoja na mingine yote. Nikauviringisha kwenye khanga, nikauzamisha ndani ya gunia la mbegu za viazi. Tangu hapo kila nikipita karibu na gunia lile nageuza uso. Adhabu ya kurusha sauti bila leseni ni kifungo, na nyumba yako inafutwa kwenye milingoti ya kengele. Ukitoka jela unarudi kuishi mahali ambapo hakuna kitu kitakachokuamsha pumzi ya mlima ikija.

Sasa kwa nini sikuutupa? Jamani, ujana wangu wote nilikuwa sauti ya kipindi cha salamu. Watu walileta kadi zao kituoni, mimi nikazisoma: fulani anamsalimia shemeji yake, fulani anamkumbusha mdeni wake kwa utani, fulani ameondokewa na baba na mazishi ni kesho. Mlima mzima ulinijua kwa sauti kabla ya kunijua kwa sura. Na kila kipindi nilikifunga kwa salamu moja ileile, ya mama mkwe wangu, aliyekaa bonde la Lufumbi, chini kabisa karibu na mto. Nilisema, "Na mama yangu wa Lufumbi, ule kabla chakula hakijapoa."

Ilianza kama utani, kwa sababu akisikiliza redio alisahau sahani yake. Baadaye ikawa ndiyo komeo la kipindi. Mama wa Lufumbi akishasalimiwa, watu walijua tumemaliza, wakarudi shambani. Yeye mwenyewe alikuwa akiisikia salamu yake anazima redio palepale, betri zisiishe. Kabla ya hapo hazimi, wala hainuki alipokaa. Jirani akija kumwita anamjibu, "Ngoja kwanza, sijasalimiwa."

Hilo la mtambo mume wangu hakulijua. Ambokile ni fundi wa milingoti, ameapishwa, ana kofia yenye nembo. Na msifikiri ni mtu mbaya. Mkitaka kuielewa sheria ile, muulizeni yeye habari za Ilolela.

Huku kwetu mlima unatoa hewa nzito. Haina harufu wala rangi. Inatoka kwenye nyufa za juu, inateremka makorongoni, inatuama mabondeni, na aliyelala pale haamki. Sisi tunaiita pumzi. Ndiyo maana kila korongo lina milingoti, na kila bonde lina feni kubwa za kuifukuza. Mlingoti wa juu ukiguswa na pumzi unaunong'oneza wa chini yake, nao wa chini ukiguswa unafanya hivyohivyo, mpaka wa mwisho uziambie feni zizunguke. Unanong'ona kwa mawimbi ya redio, na mnong'ono wenyewe ni hafifu mno. Redio ya Mbeya yenye leseni inarushwa kutoka mbali, kwa kipimo kilichokubaliwa, haiusumbui. Lakini mtu akirusha sauti yake hapa karibu, milingoti inakuwa viziwi. Ilolela kijana mmoja alirusha muziki wa harusi ya dada yake. Feni hazikuzunguka. Ambokile alikuwa miongoni mwa waliobeba maiti, watu na mbuzi pamoja, na tangu siku hiyo ukimtajia redio ya bila leseni anaacha kula.

Kwa hiyo gunia la viazi lilikaa pale, yeye akilipita asubuhi akienda kazini, mimi nikijifanya nafagia.

*

Siku hiyo Ambokile alipanda upande wa pili wa mlima kutengeneza mlingoti ulioangukiwa na mti. Mimi nilibaki nyumbani, hapa kilimani juu ya bonde la Kasyabo, nikipika makande ya kupeleka msibani. Mzee Angolwisye Mwakatobe alikuwa amefariki na maiti iko uwanjani kwake, bondeni, chini ya nyumba yetu kabisa. Kutoka mlangoni kwangu naiona ile familia mpaka rangi za khanga. Nusu ya mlima ilikuwa pale. Lufumbi walikuja wote, wakamwacha mama mkwe peke yake kwa sababu ya miguu yake. Asubuhi, kabla majirani zake hawajaondoka, aliniambia kwenye simu yao ya waya, "Mwanangu, nililie na mimi. Nitasikiliza tangazo redioni."

Maana huku mtu hajafa sawasawa mpaka atangazwe. Adhuhuri watu wote huwasha redio kusikiliza matangazo ya vifo kutoka Mbeya, na penye msiba redio inawekwa dirishani, sauti juu, ili marehemu aagwe. Tangu sheria ije, anayesoma ni mashine. Inasoma majina ya wafu wetu kwa sauti tamu isiyopumua, haimpi mtu pole, haijui nani mkubwa wa nani. Lakini tunasikiliza hivyohivyo.

Ukutani kwetu kuna ubao wa taa za milingoti, unaoletewa habari kwa waya, kwa ajili ya kazi ya Ambokile. Kijani ni salama. Nyekundu, pumzi imegusa mlingoti. Njano, feni inazunguka. Nilikuwa nachota chumvi nikaona kwa pembe ya jicho nyekundu, juu kabisa. Nikajisemea mti mwingine umeanguka. Ikawaka ya pili, chini yake. Halafu ya tatu.

Mwiko ulinitoka mkononi.

Zilikuwa zinashuka kwa mfuatano, taratibu, bila haraka. Pale korongo linapogawanyika, mkono mmoja unakuja Kasyabo, mwingine unakwenda Lufumbi. Taa ya Lufumbi ilikuwa kijani, inangoja zamu yake. Taa ya Kasyabo ilikuwa haiwaki kabisa.

Nilijua kwa nini. Feni zile zinanguruma mpaka meza inatetemeka, na wafiwa hawataki mngurumo juu ya maiti. Ni aibu, ni kama kumfukuza marehemu. Kwa hiyo palipo na msiba bondeni watu huzima feni, mlingoti na kengele yake, mpaka mazishi yaishe. Ambokile amegombana nao mara nyingi. Wanamsikiliza, wanamwandalia chai, akigeuza mgongo wanazima.

Nikaishika simu ya waya nikapiga kwa Mwakatobe. Ikalia mlio wa kukatika. Mkono wa simu ulikuwa umewekwa pembeni, nao kwa heshima.

Nikapiga Kikosi cha Utulivu, Tukuyu. Akapokea binti mmoja mpole.

"Kasyabo wako mamia, wana msiba, wamezima feni," nikamwambia. "Pumzi inashuka. Watangazieni kwa redio ya Mbeya, tafadhali sana, redio iko dirishani kwao."

"Tumepokea taarifa yako, mama. Itathibitishwa kisha itapelekwa Mbeya."

"Kuthibitishwa na nani? Taa ninaziona!"

"Na fundi wa eneo, mama. Fundi wa eneo lenu ni nani?"

"Ni mume wangu! Yuko upande wa pili wa mlima!"

"Basi akirudi, atupigie."

Nikatoka nje nikapiga kelele mpaka koo likauma. Upepo ulikuwa unavuma kuelekea kwangu. Ulinirudishia wimbo wao wa msiba. Kushuka kwa miguu? Njia ile ni ya kushikilia mizizi, pumzi ingefika kabla yangu, na mimi ningeingia ndani yake nikifungua mdomo kuwaonya. Nilisimama mlangoni nikilia kama mtoto. Sitawadanganya, nilifikiria kuingia ndani, kufunga komeo na kujifunika blanketi.

Halafu nikajikuta nimelipindua gunia, viazi vinaviringika sakafu nzima.

*

Antena yangu ilikuwa waya wa kuanikia nguo. Suruali za Ambokile zilikuwa juu yake, na katika woga ule nilizianua moja moja nikazikunja. Nani anakunja suruali wakati kama huo? Mimi. Mikono haikutaka kufika kwenye mtambo.

Nilijua mambo mawili. La kwanza, Popo. Ni kindege kisicho na rubani, cheusi, kinaning'inia angani kutwa kikisikiliza mawimbi yasiyo na leseni. Ukirusha neno mojamoja na kunyamaza, kinazunguka bila kujua sauti imetoka wapi. Ukiongea sana kinakufuata mpaka juu ya paa. La pili lilikuwa zito zaidi. Kila neno nitakalolisema lingeuzima mnong'ono wa milingoti ya Lufumbi. Nikiwa bado naongea pumzi ikifika njia panda ya korongo, feni za kule hazitaambiwa. Na kule bondeni alikuwa amebaki mtu mmoja.

Kwa hiyo nikapiga hesabu ya mwoga. Nitasema machache, haraka, kisha nizime. Kasyabo watapanda, milingoti itaendelea kunong'ona, Popo hatanipata, na Mama atakuwa salama.

Nikauweka kwenye masafa ya Mbeya, nikawasha.

"Watu wa Kasyabo, pumzi inashuka. Pandeni kilimani sasa hivi. Pumzi inashuka, pandeni."

Nikazima, nikakimbilia mlangoni.

Pale uwanjani vichwa viligeuka kuiangalia redio. Mwanamume mmoja aliinuka, akaitikisa, akaipiga kofi ubavuni. Akairudisha dirishani. Wakaketi.

Wakaketi! Nilitaka kuwatukana. Lakini nikawaza, wewe Tusekile ungefanyaje? Sauti imeingilia matangazo ya vifo, haikusalimu, haikusema ni nani, haikutoa pole, inawaamuru watu wamwache maiti peke yake wakimbie. Nani anamwacha maiti? Hata mimi ningesema ni mhuni amelewa. Niliwasemesha watu wangu kwa namna ya ile mashine ya Mbeya, na wao walinijibu kama wanavyoijibu mashine.

Ubaoni taa nyingine ikawaka nyekundu. Ilikuwa imebaki milingoti michache kabla ya njia panda.

Nikawasha tena, na safari hii nilijua siwezi kuharakisha.

"Mugonile, wazee wangu wa Kasyabo. Ni mimi, Tusekile wa salamu, mke wa Ambokile. Poleni na msiba. Mama Itika, pole mama yangu kwa kuondokewa na mzee, mimi niko hapa juu nakuona, umejifunga khanga ya bluu. Mzee Kajubili, shikamoo. Mzee Asajile uliye mlangoni, shikamoo baba, inuka nikuone."

Akainuka. Naapa, akainuka, akatazama juu kilimani huku akijikinga jua kwa mkono. Nilikuwa nalia na kuongea kwa wakati mmoja.

"Mzee Nsajigwa, shikamoo. Mama Tupokigwe, shikamoo. Baba Mchungaji, shikamoo. Wazee wangu, pumzi iko korongoni. Mmezima feni kumheshimu Mzee, na mmefanya vizuri, lakini inashuka, nimeziona taa za mume wangu. Hakuna atakayemwacha Mzee Angolwisye. Mchukueni. Mwinueni na jeneza lake mje naye huku juu, uwanja wangu ni mpana, tutamlilia hapa. Watoto watangulie. Mzee Kajubili, toa amri baba, wewe ndiye mkubwa pale."

Nikamwona Mzee Kajubili anasema neno. Uwanja mzima ukasimama. Wanaume sita au nane wakainama wakainua jeneza, na walipolipandisha mabegani, ndipo wanawake wakaanza kukimbia na watoto. Maiti ilipoondoka hapakuwa tena na sababu ya mtu kubaki.

Niliendelea kuwataja. Ningenyamaza wangesita, kila niliyemtaja aliongeza mwendo, kila niliyempita aliangalia nyuma. Nikawataja wa jikoni, wa shimoni waliokuwa wakichimba kaburi, kikongwe aliyebebwa mgongoni. Juu ya nyumba nikasikia mlio mwembamba wa Popo.

Nikageuka kutazama ubao. Njia panda ilikuwa nyekundu. Lufumbi ilikuwa kijani, kimya, haijaambiwa.

Ulimi wangu ulikuwa tayari kwenye salamu ya mwisho. Kipindi kinaisha, unamsalimia mama wa Lufumbi. Miaka yote imekuwa hivyo, ilikuwa inakuja yenyewe. Nikaimeza. Kila neno lilikuwa linamziba, na njia ya kumwokoa ilikuwa kunyamaza. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Nikaung'oa waya mtamboni kwa nguvu mpaka kidole kikatoka damu.

Nikasimama mbele ya ubao nikiwa nimeziba mdomo kwa viganja viwili. Kijani. Kijani bado. Halafu, Mungu wangu, njano. Feni za Lufumbi zinazunguka.

Nilipiga magoti nikashukuru. Kisha nikauchukua mtambo nikakimbia nao nyuma ya nyumba, nikautumbukiza chooni.

*

Walifika wote. Jeneza lilikuwa la mwisho kuingia uwanjani kwangu, waliolibeba wamelowa jasho. Nyuma yao, chini kule, kuku wa Mzee Mwakatobe walikuwa wamelala uwanjani, hawatapatapi. Mama Itika alinikumbatia. Popo alikuwa juu yetu anazunguka, nao waliketi kuzunguka maiti wakaendelea na wimbo walipokuwa wameachia, kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Nikawagawia makande. Kila mtu aliyekuja na njia nilimtazama kama ni askari.

Aliyekuja alikuwa Ambokile, na hakutokea upande alikokwenda asubuhi. Alitokea njia ya Lufumbi. Alikuwa amembeba mama yake mgongoni, amemfunga kwa shuka, kama anavyobebwa mtu aliyelala. Nikakimbia kumpokea nikisema, "Ameumia wapi? Mama, ameumia wapi?" mpaka nilipouona mkono wake unavyoning'inia.

Alimlaza kando ya jeneza la Mzee Angolwisye. Akafungua mfuko wake wa vifaa, akatoa redio ndogo ya mama, ile ya betri, akaiweka chini karibu naye. Ilikuwa bado inawaka. Ilikuwa inatangaza bei ya mahindi.

Wanawake walipiga yowe. Mimi sikuweza hata kulia. Niliogopa kuonekana nalia.

*

Afande Sinkala wa Kikosi cha Utulivu alipanda na vijana wake kabla jua halijashuka. Ni mtu wa heshima zake, alivua kofia mbele ya maiti zote mbili, akatoa pole. Kisha akatoa kifaa akakiweka juu ya meza yangu ya nje na kukibonyeza. Sauti yangu ikatoka pale. "Mama Itika, pole mama yangu kwa kuondokewa na mzee." Jina langu na la mume wangu Popo hakuyadaka, alianza kunasa pale kwenye Mama Itika, kisha akadaka vipande. Lakini sauti ni sauti. Nikaegemea ukuta.

"Nani huyu?" akauliza.

Mzee Kajubili akajibu, "Afande, sisi tulikuwa tunasikiliza Mbeya."

"Na nani aliwaambia mpande?"

"Kuku walianza kuanguka."

"Mama, wewe umetajwa hapa. Unamfahamu anayekutaja?"

Mama Itika akajifunika uso kwa khanga. "Mimi ni mfiwa, mwanangu. Sisikii kitu leo."

Akawapitia hivyohivyo, mmoja baada ya mwingine, na mlima mzima ulikuwa haujawahi kuisikia sauti ile. Mwisho akafika kwa Ambokile, aliyekuwa ameketi chini karibu na mama yake. Afande akachuchumaa.

"Fundi, pole sana. Wewe ni mwenzetu wa kiapo, nitasema na wewe wazi. Milingoti ya Lufumbi ilichelewa. Rekodi inaonyesha ilikuwa imezibwa na sauti hii. Sauti hii ndiyo iliyomuua mama yako. Naomba usikilize vizuri."

Akabonyeza tena. "Mzee Asajile uliye mlangoni, shikamoo baba, inuka nikuone."

Ambokile alisikiliza mpaka mwisho. Hakunitazama. Mimi nilikuwa namtazama yeye, na nilijua kwamba kila kitu changu, nyumba, miaka yangu iliyobaki, kiko ndani ya mdomo wake, na nilijua pia kwamba akinitaja hatakuwa amenionea.

"Siijui," akasema.

"Fundi."

"Afande, mama yangu amelala hapa. Siijui."

Afande Sinkala akasimama taratibu. Alinitazama mimi, akaitazama kamba ya nguo, waya mtupu bila nguo hata moja, na suruali zilizokunjwa vizuri kwenye jiwe. Akavaa kofia. "Popo atabaki juu ya kilima hiki," akasema. "Aliyerusha leo atarusha tena. Watu wa namna hiyo hawawezi kunyamaza." Wakashuka.

*

Tulipopata nafasi ya kuwa wawili tu, ilikuwa jikoni. Nje watu walikuwa wanaimba. Ambokile aliingia akaiweka redio ya mama mezani, katikati ya viazi vya mbegu nilivyokuwa nimeviokota. Aliviangalia viazi vile, akaliangalia gunia tupu.

"Nilikusikia kule juu," akasema. "Nina redio ya kazini. Ulipoanza tu kuwasalimia, nilijua Lufumbi haitaambiwa. Nikakimbia. Njia nzima nakimbia nakusikia."

"Nilinyamaza kwa ajili yake," nikasema. "Niliiona njia panda, nikanyamaza ili feni zizunguke. Ambokile, zilizunguka, niliiona njano."

"Zilizunguka. Pumzi ilikuwa imeshaingia." Akavuta kigoda, hakukikalia. "Alikuwa jikoni kwake, amekaa chini, redio mapajani. Ngazi ya kichanja iko pale mlangoni. Kichanja nilikijenga mimi, kirefu, kwa sababu ya miguu yake nikaweka ngazi zenye vipandio vipana. Amepanda mara nyingi. Pumzi haifiki kule juu. Alikusikia ukisema inashuka, Tuse. Angepanda."

"Sasa kwa nini hakupanda?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu arudi. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira.

"Ulimsalimia Kajubili. Ulimsalimia Asajile. Ulimsalimia mpaka mchimba kaburi. Alikuwa anangoja."

Nikakaa sakafuni. Nilimwona. Nilimwona mwanamke yule na miguu yake mibovu, amesikia sauti yangu baada ya miaka, anatabasamu, anajisemea ngoja kwanza, sijasalimiwa. Kimya kikaja. Akangoja hata hicho kimya.

Popo alikuwa analia juu ya paa. Ambokile akaiwasha redio ya mama. Mashine ya Mbeya ilikuwa inasoma kitu, sijui kitu gani. Akaisogeza kwangu mpaka ukingoni mwa meza.

"Kimalizie kipindi," akasema.

"Popo yuko juu."

"Popo hasikii mdomo mtupu. Malizia."

Niliogopa kuliko nilivyoogopa mbele ya Afande. Akangoja, amesimama, mkono wake juu ya kitufe cha redio.

"Na mama yangu wa Lufumbi," nikasema, "ule kabla chakula hakijapoa."

Ambokile akazima redio.